Simu za intaneti zinafungiwa na serikali, ujumbe unaachwa. Sababu hasa ni ipi?

#1 Msafiri wa Ghuba

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua mwaka wa tano sasa. Nafanya kazi Dubai. Ujumbe wa WhatsApp unakwenda, picha zinakwenda, voisi zinakwenda, hata video ya dakika kumi inafika. Lakini nikibonyeza kupiga, simu inaita, mama anapokea, naona kabisa kwamba amepokea, halafu kioo kinaandika "inaunganisha" na kuganda hapohapo. Dada yangu aliyekuwa amekaa naye siku moja alinisimulia: mama alisema "haloo" mara nne, akaitazama simu, akaipangusa kwa kanga akidhani ina vumbi, akasema tena "haloo", ndipo akakata. Baadaye ikaja voisi yake: "Mwanangu, mbona hunisemeshi?"

Mama hasomi wala haandiki, kwa hiyo mambo yetu yote ni ya sauti.

Nauliza kwa dhati. Kama tatizo ni usalama, mbona ujumbe umeachwa? Kama ni pesa, ni pesa ipi wakati bando nalipia mwenyewe? Mwenye uelewa atujuze.

#2 Fundi Minara

Pole mkuu. Nianze na hilo la kuita halafu kimya, maana wengi hudhani simu ni mbovu.

Kuita na kuongea vinapita njia mbili tofauti. Taarifa kwamba "fulani anakupigia" hupita njia ileile ya ujumbe, kwenda kwenye seva za programu na kurudi. Hiyo haijazibwa, ndiyo maana mama anaona unapiga na wewe unaona amepokea. Sauti yenyewe hukatwa vipande vidogovidogo, kwa kawaida kipande kimoja kila milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde, na kila upande unarusha vyake. Mtambo wa kuchuja wa kampuni ya simu hausikii unachosema kwa sababu kimefungwa kwa kufuli la kidijitali, yaani kimegeuzwa fumbo linalofunguka kwenye simu ya unayeongea naye tu. Unatambua mwendo tu: vipande vidogo, vya ukubwa unaokaribiana, vinakuja kwa mdundo usiobadilika, kwenda na kurudi. Ujumbe hauna mwendo huo, na voisi pia haina, kwa sababu voisi ni faili linalopakiwa likishakamilika. Kwa hiyo mtambo unaweza kuacha kila kitu kipite na kuangusha vile vipande peke yake.

Kwa nini wanafanya hivyo, sina la kusema. Najua jinsi tu.

#3 Mhasibu wa Zamu

Sababu ni pesa. Na swali lako la bando ndilo penyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Simu ya kawaida ya kimataifa ina hesabu ya dakika. Kampuni ya nchi inayopiga huilipa kampuni ya nchi inayopokea kwa kila dakika iliyoingizwa kwenye mtandao wake. Kwa miaka mingi nchi nyingi zilipata fedha za kigeni hapo, na kampuni yenyewe mara nyingi ilikuwa ya serikali. Wewe ukilipia bando umelipia barabara. Hujalipia dakika. Sauti ya simu ya zamani kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni kama kilobaiti 480 kwa dakika kwa kila upande, na mifumo ya kisasa ya kubana sauti inashuka chini sana ya hapo. Dakika iliyokuwa inauzwa kwa bei ya kimataifa ikigeuzwa kuwa data, kinachobaki ni chenji.

Falme za Kiarabu serikali ina hisa kubwa katika kampuni zote mbili za simu. Mwaka 2018 zilikuja programu zilizoruhusiwa, BOTIM na C'Me, kwa kifurushi cha dirham 50 kwa mwezi juu ya bando lako. Simu zilezile, intaneti ileile. Kilichobadilika ni nani anapokea hela.

#4 Kitasa

Nakubaliana na Mhasibu. Uzi ufungwe 😀

#5 Mlinzi wa Lango

Usifungwe kwanza. Mhasibu kaeleza vizuri lakini ameruka historia.

Msafiri anauliza mbona ujumbe haukufungiwa. Jibu ni kwamba ujumbe nao uliwahi kufikiwa. Mwaka 2010 hukohuko Falme za Kiarabu ilitangazwa kwamba huduma za ujumbe, barua pepe na intaneti za simu za BlackBerry zingesimamishwa kuanzia tarehe 11 Oktoba, kwa sababu data zake zilikuwa zinapelekwa nje ya nchi zikiwa zimefungwa kwa kufuli hilo, na vyombo vya usalama havikuweza kuzifikia. Tarehe haijafika, yakapatikana maelewano, uamuzi ukafutwa. Hapo hakukuwa na suala la dakika za kimataifa.

Simu ya kawaida mpelelezi akiwa na kibali cha mahakama anaisikiliza kwa kupitia kampuni. Simu ya intaneti iliyofungwa kwa kufuli mwanzo hadi mwisho hata aliyeitengeneza hawezi kuisikiliza. Msione serikali zote ni wachoyo. Marekani yenyewe mwaka 2005 iliamua kwamba kampuni za simu za intaneti zinazounganishwa na simu za kawaida ziwe na uwezo wa kutekeleza amri za kusikiliza.

#6 Fundi Minara

Mlinzi, hapo umejikwaa kidogo. Marekani haikufungia, iliweka sharti. Na tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga ujumbe, voisi na simu kwa kufuli la aina moja. Kama hoja ni kufuli, vyote vitatu vingezuiwa pamoja.

#7 Mlinzi wa Lango

Nakubali kuhusu Marekani. Kuhusu kufuli, serikali haiwezi kuzuia ujumbe bila nchi nzima kusimama. Inazuia inachoweza.

#8 Wakili wa Kibarazani

Ndugu zangu, mnatumia neno "marufuku" kirahisi mno. Katika nchi nyingi mnazozitaja simu ya intaneti haijapigwa marufuku kisheria. Kinachosemwa ni kwamba kusafirisha sauti ni biashara inayohitaji leseni, na asiye na leseni asifanye. Kampuni ya nje haina leseni, kwa hiyo huduma yake inazibwa. Ndiyo maana mwaka 2020, wakati wa korona, Falme za Kiarabu iliweza kuruhusu Zoom na Microsoft Teams kwa ajili ya kazi na masomo bila kuandika sheria mpya. Palepale WhatsApp ya kupiga ikabaki ilivyokuwa.

Na hili nimwambie Msafiri kabla mtu hajaja na ushauri wa VPN, ile programu ya kuficha njia yako ya intaneti: soma kwanza sheria ya huko. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo, faini ya kati ya dirham 500,000 na milioni 2, au vyote viwili, kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kuzuia lisigundulike. VPN ya ofisini kwa kazi halali si kosa. Ya kukwepa zuio ni hadithi nyingine.

#9 Kitasa

Nilikuwa tayari nimeandika ushauri wa VPN. Nimefuta. Asante wakili.

#10 Nuru ya Alfajiri

Naomba nitoke kidogo kwenye sheria na hesabu.

Mimi nilikwenda Riyadh 2015 kufanya kazi za ndani. Viber ilikuwa imezibwa huko tangu Juni 2013, na WhatsApp ilipoanzisha simu nayo haikufanya kazi. Laini yangu mwenyewe sikuwa nayo, nilitumia Wi-Fi ya nyumba. Ijumaa nilikuwa nanunua kadi ya kupigia nje, ile ya kukwangua kwa sarafu. Unaingiza tarakimu nyingi, ukikosea moja unaanza upya, halafu sauti ya mwanamke inakutangazia dakika zako zilizobaki. Nasikia sauti hiyo mpaka leo. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, hakujua simu ni kitu cha haraka. Anapewa simu, ananyamaza, anapumua tu. Mimi namwambia "sema na mama, sema na mama", dakika zinakwenda. Mama yangu akianza kulia ninamkatisha, kwa sababu kulia kunakula dakika kama maneno.

Septemba 2017 wakatangaza kufungua. Si programu zote zilifunguka siku moja. Kwangu Skype ndiyo iliyotangulia kukubali. Siku hiyo mwanangu, miaka mitano sasa, aliniona usoni akamuuliza bibi yake: "Huyu ndiye ile sauti?"

Mkisema pesa, mkisema usalama, sawa. Mimi nilichokiona ni hicho.

#11 Msafiri wa Ghuba

Dada Nuru, nimesoma nikaweka simu chini kwanza. Asante.

#12 Mtaa wa Pili

Pole sana dada. Saudia walisema wamefungua kwa ajili ya kupunguza gharama za biashara na kuvutia kampuni za kidijitali, ndani ya ile mipango yao ya kupunguza utegemezi wa mafuta. Maana yake hata wao walikiri kwamba zuio lilikuwa na gharama.

Ila Ethiopia ndiyo kiboko. Kule kutumia Skype ni miaka 15 jela.

#13 Wakili wa Kibarazani

Mtaa wa Pili, hiyo ya miaka 15 ilizagaa sana 2012 lakini haiko hivyo. Sheria ni Tangazo namba 761 la mwaka 2012 kuhusu makosa ya ulaghai wa mawasiliano. Anayetoa huduma ya simu au faksi kupitia intaneti, miaka 3 hadi 8 na faini ya mara tano ya mapato aliyokadiriwa kuyapata. Anayetumia huduma hiyo, miezi 3 hadi miaka 2 na faini ya birr 2,500 hadi 20,000. Serikali baada ya kelele ikasema hailengi mtu anayempigia ndugu yake kwa Skype, inalenga wanaouza simu za magendo.

Lakini sisemi kwamba hofu haikuwa na msingi. Ukisoma maneno yenyewe ya kifungu, mtumiaji yumo. Ahadi ya msemaji wa serikali haimo ndani ya sheria, na kesho akija msemaji mwingine atasoma kilichoandikwa.

#14 Mzee wa Posta

Vijana, nimekaa pembeni nikisoma. Haya mambo hayakuanza na intaneti.

Miaka ya 90 kulikuwa na kitu kiliitwa simu ya kurudishiwa. Unapiga namba ya Marekani, ikiita mara moja unakata kabla haijapokelewa, hujalipa kitu. Baada ya nusu dakika kompyuta ya kule inakupigia wewe, unapokea, unasikia mlio wa laini ya Marekani, unapiga popote duniani kwa bei ya Marekani. Kampuni za simu za serikali zililia mno. Nchi nyingi zikapiga marufuku. Suala likafika mpaka mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mjini Kyoto mwaka 1994, likapitishwa Azimio namba 21 la kuzitaka nchi ziheshimu marufuku za wenzao.

Nimefanya kazi kwenye chumba cha mitambo ya simu za nje, kwa hiyo msizishambulie sana kampuni. Pesa za simu za nje ndizo zilizolipia nguzo na nyaya kwenda vijijini, kwa sababu simu ya kijijini haikuwahi kujilipa. Tuliambiwa hivyo na kwa sehemu tuliiona kwa macho. Lakini pia niliona magari mapya ya wakubwa yakinunuliwa kwa pesa hizohizo. Yote mawili ni kweli.

#15 Fundi Minara

Shikamoo mzee. Hiyo ya kukata kabla haijapokelewa ni babu wa kubipu.

#16 Mzee wa Posta

Marahaba mwanangu. Kubipu kulianzia kwetu, ninyi mmerithi tu 😀

#17 Mhasibu wa Zamu

Mzee ametaja la muhimu. Lakini tazameni matokeo yake: bei ya kuingiza simu ikipandishwa, magendo yanapanda nayo. Pakistani mwaka 2012 waliunda utaratibu wa kukusanya simu zote za nje kwenye mlango mmoja na bei ikapanda hadi senti 8.8 za dola kwa dakika. Dakika zilizoingia kwa njia halali zikaporomoka. Watu hawakuacha kuongea, walihamia kwenye intaneti na kwenye masanduku ya laini. Mwaka 2014 utaratibu ukaondolewa.

#18 Mtaa wa Pili

Sanduku la laini ndiyo nini? Tuelekezeni sisi wa nyuma.

#19 Fundi Minara

Ni kisanduku kina nafasi za laini nyingi, makumi kwa mamia. Mtu anapiga kutoka ng'ambo, simu inasafiri kwa intaneti hadi kwenye kisanduku kilichofichwa chumbani kwa mtu, kisha inatoka kama simu ya ndani kutoka kwenye laini mojawapo. Ndugu yako yuko ng'ambo anakupigia, lakini kioo chako kinaonyesha namba ya nchini usiyoijua. Ukiipigia namba ile haipokelewi, au anapokea mtu asiyekujua. Sauti inakwaruza, inachelewa. Kampuni haipati ada ya kimataifa, serikali haipati kodi, na mpelelezi akitafuta simu imetoka wapi anafika kwenye kisanduku.

Kwa hiyo Mlinzi, hapa ndipo zuio linapogombana na usalama wako mwenyewe. Bei kubwa na milango kuzibwa ndivyo vinavyokizalisha hicho kisanduku.

#20 Mlinzi wa Lango

Nimekuelewa, na sina jibu zuri. Ila msisahau utapeli. Urusi Agosti 2025 walizibana simu za WhatsApp na Telegram, sababu waliyoitoa ni matapeli wanaowapigia watu. Ujumbe wakati huo wakauacha uendelee. Kuna wazee waliopoteza akiba zao kwa simu za namna hiyo, si hadithi ya kutunga.

#21 Kitasa

Na wiki chache baadaye, tarehe 1 Septemba 2025, programu yao wenyewe ya ujumbe na simu, Max, ikaanza kulazimishwa kuwekwa kwenye kila simu mpya inayouzwa. Utapeli upo, lakini mpangilio wa tarehe nao unasema kitu.

#22 Bahari Kuu

Mmesahau Morocco, na ndiyo mfano safi kuliko yote. Januari 2016 kampuni tatu zikazima simu za Skype, Viber na WhatsApp, mamlaka ya mawasiliano ikasema huduma hizo hazina leseni. Watu wakaanza kuondoa "napenda" zao kwenye kurasa za Facebook za kampuni hizo kwa maelfu. Nchi ile ina watu wengi sana Ufaransa, Hispania, Ubelgiji. Novemba mwaka huohuo zikafunguliwa kwa sababu wageni wa mkutano wa tabianchi wa COP22 wangefika Marrakech tarehe 7 wakashindwa kupiga simu.

Taasisi ya utafiti ya Brookings ya Marekani ilikadiria Morocco ilipoteza dola milioni 320.

#23 Mhasibu wa Zamu

Bahari Kuu, mawili.

Kwanza, mkutano na kufunguliwa vilipishana siku chache, hilo ni kweli. Lakini "kwa sababu" ni neno lako. Kulikuwa na miezi kumi ya malalamiko pia.

Pili, nipo upande wako lakini hiyo milioni 320 uishike kwa mikono miwili. Makadirio ya namna ile huchukua pato la taifa, sehemu ya uchumi inayotegemea mtandao, na siku za zuio, yakazidishwa. Hayahesabu kwamba aliyekosa Skype alituma ujumbe au alilipia simu ya kawaida. Hayahesabu pia alichosimulia dada Nuru.

#24 Bahari Kuu

Nimepokea. Ila miezi kumi ya malalamiko haikufungua, siku tatu kabla ya wageni ikafungua. Kila mmoja abaki na tafsiri yake.

#25 Mikono Inasema

Mimi nilikuwa mwanafunzi Rabat mwaka huo wa 2016.

Kaka yangu ni kiziwi. Lugha yetu ni ya alama, tangu utotoni. Watu hapa wanasema "voisi zinapita", "tuma ujumbe". Kaka yangu alisoma kidogo tu, kuandika kwake ni kwa shida, na hata angeandika vizuri, Kiswahili cha maandishi si lugha yake ya kwanza. Lugha yake iko mikononi na usoni. Simu ya video haikuwa anasa kwetu, ndiyo simu yetu pekee. Kadi ya kukwangua anayoisema dada Nuru kwa kaka yangu isingefaa kitu.

Mwanzoni zuio lilikuwa kwenye data ya simu, nikawa nakimbilia kwenye intaneti ya waya. Baadaye nayo ikazibwa. Tukaanza kurekodi video fupi na kutumiana. Anarekodi yeye, naitazama, narekodi jibu. Mazungumzo ya dakika tano yanachukua jioni nzima, na huwezi kumkatiza, huwezi kuuliza "umesema nini hapo?", huwezi kucheka naye kwa wakati mmoja. Kuna siku alinitumia video ya sekunde nne: alionyesha alama ya jina langu, akasubiri, akashusha mikono. Alisahau kwamba simwoni papo kwa papo.

Sijawahi kuona tangazo la mamlaka yoyote likiwataja viziwi, si kwa kuwaruhusu wala kwa kuwakataza.

#26 Fundi Minara

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sikuwahi kulifikiria hili. Kwa mtambo wa kuchuja, video ya alama ni simu ya video kama nyingine yoyote, ni mwendo wa vipande tu. Mtambo hauna namna ya kujua.

#27 Wakili wa Kibarazani

Mikono, naomba ruhusa yako nilinukuu bandiko hili bila kukutaja popote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 21, unataja lugha za alama waziwazi katika haki ya kuwasiliana na kupata habari. Morocco ni mwanachama, Falme za Kiarabu pia. Kuna hoja hapa.

#28 Mikono Inasema

Ruhusa unayo.

#29 Kodi na Tozo

Nimechelewa. Niongeze upande mmoja: nchi nyingine ziliona kufungia ni aibu, zikaamua kutoza. Lebanon 2019 wakafungia WhatsApp, wananchi wakaingia barabarani, Waziri Mkuu akajiuzulu siku hiyohiyo. Uganda nao 2018.

#30 Bahari Kuu

Kodi na Tozo, rekebisha. Lebanon haikufungia. Tarehe 17 Oktoba 2019 ilitangazwa ada ya senti 20 za dola kwa siku kwa simu za programu, isiyozidi dola 6 kwa mwezi. Jioni hiyohiyo ikafutwa, watu hawakurudi nyumbani. Waziri Mkuu, Saad Hariri, alijiuzulu tarehe 29. Na watu walikuwa na hasira za siku nyingi, WhatsApp ilikuwa tone la mwisho tu.

#31 Kodi na Tozo

Sawa, nimesahihishwa. Uganda naikumbuka vizuri: kuanzia tarehe 1 Julai 2018, shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue mitandao ya kijamii na programu za kupigiana. Rais aliandika akilalamikia umbea, "lugambo" kwa lugha yao. Watu wakahamia VPN. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Benin 2018 waliweka faranga 5 kwa megabaiti, wananchi wakaja juu, ikafutwa Septemba mwaka huohuo. Zambia nao Agosti 2018 wakatangaza ngwee 30 kwa siku kwa simu za intaneti, wakisema wanalinda kampuni za simu na ajira zake.

Kwangu hiyo ya Zambia ndiyo iliyosema ukweli waziwazi. Hawakuficha nyuma ya ugaidi.

#32 Kitasa

Kwani ni serikali peke yake? Kampuni nazo zimefanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

#33 Fundi Minara

Kweli kabisa. Marekani, kampuni ndogo iitwayo Madison River iliziba huduma ya simu za intaneti ya Vonage kwenye mtandao wake. Mwaka 2005 mdhibiti, FCC, akaibana, ikalipa dola 15,000 na kuacha. Tena AT&T mpaka Oktoba 2009 haikuruhusu simu za Skype kupita kwenye mtandao wake wa iPhone, ilikuwa Wi-Fi tu. Panama mwaka 2002 mdhibiti aliamuru kampuni za intaneti zifunge milango 24 ya data, yaani njia zenye namba ambazo programu hupitishia data, ili kuzuia simu, mahakama ikasimamisha. Siku hizo kuziba mlango kulitosha. Leo programu inaweza kubadilisha mlango, ndiyo maana wamehamia kwenye kutambua mwendo.

#34 Mtaa wa Pili

Nikiwasikia mkisema Skype naona huzuni. Ile sauti yake ya kuita, kama mapovu majini. Wameizima Mei 2025.

#35 Mzee wa Posta

Tarehe 5 Mei. Ilianza Agosti 2003. Nchi zilizopigana nayo miaka kumi zimebaki na vifungu vya sheria, yenyewe ni marehemu.

#36 Nuru ya Alfajiri

Mzee, mimi ndiyo iliyonionyesha mwanangu. Naiombea.

#37 Msafiri wa Ghuba

Wakuu, nimesoma yote. Mhasibu ananishawishi, kisha Mlinzi ananirudisha nyuma, kisha mzee wa Posta ananionyesha kwamba nguzo ya kijijini kwetu huenda ililipiwa na dakika hizohizo. Sina uamuzi.

Nilichofanya: nimemwomba dada amwekee mama moja ya zile programu zilizoruhusiwa huku, nimelipia kifurushi. Jana usiku tulijaribu. Sauti ilikuja. Mama aliuliza kwanza, "Umekula?" Halafu akauliza mbona leo simu imepona. Nikashindwa kumweleza, nikamwambia fundi ameitengeneza.

Fundi, swali la mwisho: dakika ya tatu sauti ilianza kukatika, yake kwangu ilikuwa safi lakini yangu kwake ilikatika. Hilo nalo ni zuio?

#38 Fundi Minara

Hapana mkuu, hapo si zuio. Zuio kama lile lililokusumbua WhatsApp hukata moja kwa moja tangu mwanzo, halikatikikatiki. Ikiwa yake kwako ni safi na yako kwake inakatika, vipande vyako vinapotea njiani: ama Wi-Fi yako imezidiwa upande wa kupandisha, ama mtandao wake ni dhaifu wa kushusha. Jaribu hivi: zima video, bakiza sauti, sogea karibu na ruta, na mwambie dada amkalishe mama dirishani, si jikoni. Kisha rudi hapa utuambie.

#39 Msafiri wa Ghuba

Dirishani ndipo anapopenda kukaa. Nitajaribu Ijumaa.